Norbert Asukulu na Kimya cha Sekunde Nne

Marehemu Norbert Asukulu alizaliwa hapa Baraka tarehe 3 mwezi wa tano, mwaka 1984, mtoto wa pili wa Mzee Anatole Asukulu, mvuvi, na Mama Félicité. Alitanguliwa na dada yake Émilienne, ambaye ndiye anayewasomea haya, akafuatwa na mdogo wake Fabien. Mjue tangu mwanzo, msije mkasema hamkuambiwa: wazee wa ukoo walitaka wasifu huu uwe nusu ukurasa. Azaliwe, asome, aoe, “afariki katika hali ya vita,” basi, tuimbe twende nyumbani. Émilienne amekataa. Tangu Jumamosi watu wanasema sokoni, wanasema ufukweni, wanasema hata kwenye mabenchi haya mliyokalia, kwamba muziki wa Norbert umeua watu watano Swima. Norbert hana tena kinywa cha kuwajibu. Vumilieni jua kidogo, mtasikia yote kabla hajafukiwa.

Alianza shule ya msingi hapahapa mwaka 1990. Hakuwa wa kwanza darasani, tusidanganyane msibani. Alikuwa mtoto wa kugonga dawati kwa vidole mpaka mwalimu anamtoa nje, na huko nje anaendelea kugonga ukuta. Kanisani wakaona heri wampe ngoma. Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, 1996, kwaya ilikuwa katika mazoezi, Norbert akipiga kwa nguvu zake zote, na hakuna aliyesikia bunduki mpaka wenye bunduki walipofika mlangoni. Mzee Anatole alikuwa amekuja kuwachukua watoto wake. Walimuulia kwenye ngazi za kanisa. Familia ikavuka ziwa hadi Kigoma, na kutoka hapo ikapelekwa kambini Nyarugusu. Norbert hakugusa ngoma tena maishani. Alilisema jambo hilo mara moja tu, akiwa mtu mzima, kwa Émilienne, yaya wake, kama tunavyomwita hapa ndugu mkubwa, wa kike au wa kiume: “Yaya, ni mi nilikuwa napiga.” Alikuwa na miaka kumi na miwili siku ile! Mtoto akajitwika kifo cha baba yake, na waliomuua wakala, wakalala, wengine wakapandishwa vyeo.

Alimaliza sekondari kambini mwaka 2004. Palikuwa na darasa la kompyuta, mashine sita kwa wanafunzi sitini, na huko rafiki mmoja akampa CD yenye programu ya kutengeneza muziki wa dansi bila gitaa na bila mpigaji hata mmoja. Mdundo unauchora kwenye kioo kwa kipanya, mashine inaupiga. Kwa mtu aliyeogopa ngoma, hiyo ilikuwa neema. Hakuwa na mwalimu wala kitabu. Alibonyeza kila kitufe, akaharibu, akarudia, miaka mitatu.

Familia ilirudi Baraka mwaka 2007, na mwaka 2009 Norbert akafungua studio katika chumba cha nyuma cha mama yake, magodoro ya zamani ukutani. Wapo wanaosema alikuwa “mtu wa fujo za vijana.” Hawajui wasemalo. Wengine waliimba, wengine walipanga midundo. Yeye alifanya kazi ya mwisho, ile vijana wanayoiita masteringi: kuupokea wimbo uliokwisha na kuusawazisha, besi isimmeze mwimbaji, sauti za juu zisichome masikio, wimbo usikike vizuri kwenye spika kubwa na kwenye simu ya mfukoni. Walimletea nyimbo kutoka Uvira, Mboko, mpaka Kalemie. Kila wimbo aliusikiliza kwa spika zake, kisha kwa simu ya Émilienne, kisha kwa redio ya mama. Besi aliipima kwa mifuniko ya sufuria iliyotundikwa jikoni, ukuta mmoja na studio. Mama Félicité alikuwa akikoroga bugali na kupaza sauti: “Norbert! Bifuniko binalia!” Naye anajibu, “Merci, mama, napunguza.” Hivyo ndivyo zilivyokamilishwa nyimbo mlizochezea kwenye harusi zenu wenyewe.

Sasa kuhusu kimya. Katika kila wimbo uliopita mikononi mwake, Norbert alikata sauti yote mara mbili, sekunde nne kila mara, kabla mdundo haujarudi. Wageni walidhani ni mtindo. Watu wa hapa kwetu Fizi walijua. Katika sekunde zile hakuna aliyepiga kigelegele, hakuna aliyeita mwenzake. Miguu ilisimama, masikio yakaelekea barabarani na milimani, na kama pako salama mdundo ulirudi na watu wakacheza kwa furaha maradufu. Mwimbaji aliyekataa kimya kile alirudishiwa wimbo wake vilevile ulivyokuja. Fabien, ambaye alipiga muziki kwenye sherehe kwa spika zake, alimlalamikia miaka yote: “Yaya, bantu ba Uvira banatucheka. Banasema muziki ya Baraka inakatika kama courant ya umeme!”

“Baache bacheke,” alisema Norbert. “Mwenye anacheka iko muzima.”

Tarehe 11 mwezi wa kumi na mbili, 2010, alifunga ndoa na Zubeda binti Useni, wa familia ya Kiislamu ya hapa ufukweni. Maneno yalikuwa mengi pande zote mbili, na wenye maneno wapo hapa, wanajijua. Mzee Useni alimuuliza mkwe wake anafanya kazi gani. Norbert akajibu anasafisha sauti. “Sauti inachafukaka?” Norbert akaweka redio mezani, akamsikilizisha wimbo mmoja kabla ya kazi yake na baada ya kazi yake. Mzee akasikiliza mara tatu, akasema, “Kumbe masikio yangu ndo ilikuwa muchafu,” akamwita bintiye alete chai. Mungu aliwajalia watoto wawili, Aline na Jafari.

Tarehe 14 ya mwezi huu wa nane, 2017, Norbert alishikwa na malaria kali, akalazwa nyumbani na serumu, maji ya dawa, ikitiririka mkononi. Jumamosi tarehe 19 palikuwa na harusi Swima, na Fabien ndiye aliyeitwa kupiga muziki. Upande wa bwana harusi walitoka mjini, wakamwambia wanataka muziki wa kweli, usiokatika. Fabien aliingia studioni ndugu yake akiwa na homa. Akafungua mashine. Akaondoa kimya katika nyimbo kumi na moja, akaunganisha vipande, akasukuma sauti mpaka mstari mwekundu, akaweka kwenye flash, akaenda zake. Hakuomba ruhusa. Alitaka kusifiwa na watu wa mjini, hilo tu.

Mchana ule Norbert aliamka, akajikokota mpaka kwenye kiti chake. Wimbo kwenye kioo huonekana kama vilima na mabonde. Alichokiona ni tofali tupu, bila mwanya. Alimpigia Fabien simu mara tisa. Nani asikie simu ndani ya kelele ile? Akachomoa serumu, akaita moto, pikipiki ya kukodi. Zubeda alimshika shati mpaka kifungo kikakatika.

“Baba Aline, we iko mugonjwa!”

“Mi niko mugonjwa, lakini nasikia,” alisema. “Bale bako bazima na habasikii kitu.”

Alipita Lusenda, akafika Swima saa kumi na nusu. Wenye bunduki walikuwa wamekwisha kuteremka kutoka mlimani. Mwenye moto ameeleza alichokiona, na tunakirudia hapa kwa sababu kuna wanaotaka kisahaulike: watu wa nyuma walikuwa wanaanguka, na watu wa mbele walikuwa bado wanacheza. Norbert hakupiga kelele, maana zisingesikika. Alikimbia kupitia katikati yao mpaka nyuma ya jiko, kwenye groupe, jenereta iliyolisha spika, akang'oa waya. Ndipo uwanja wote uliposikia. Zaidi ya watu mia mbili waliwahi ufukweni na kwenye mihogo. Norbert alipigwa risasi ya tumbo akiwa ameshika waya ule.

Gari lililombeba lilisimamishwa kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, dakika arobaini. Mtu anavuja damu, askari anataka karatasi ya utambulisho! Alilazwa hospitalini siku tatu. Jumatatu alimnong'oneza Émilienne: “Usiseme kama ni Fabien. Batamuua.” Alifariki Jumanne tarehe 22, saa tatu asubuhi, mkono wake katika mkono wa Zubeda.

Émilienne hajalitimiza ombi hilo, na hataomba radhi kwenu. Atamwomba Norbert siku watakapoonana. Wazee walimwambia, “Umemupoteza mumoja, unataka kumupoteza wa pili?” Fabien alisomewa ukurasa huu jana, akaanguka magotini, akasema, “Yaya, ondoa jina langu.” Halikuondolewa. Émilienne alimpelekea mama karatasi, akamwambia, mama, amua wewe. Mama Félicité akasema: “Andika. Mi nilibazaa bote. Sitamuzika mumoja na uongo ya kumuficha mwengine. Na andika tena kama Fabien hakushika bunduki.”

Basi limeandikwa, na limechapwa, kila mmoja wenu analo mkononi. Fabien aliondoa kimya. Lilikuwa kosa, kubwa, la majivuno, na watu wamekufa ndani yake. Fabien hakupiga risasi. Waliopiga wana majina, wana wakubwa, wana watu wanaowapikia, na miaka hii ishirini na mmoja hakuna aliyewasimamisha mbele ya kaburi lolote na kuwasomea walichofanya. Wimbo haushiki bunduki! Kama mna hasira, nasi tunayo, tena ya kuwagawia. Ipelekeni mlimani, ipelekeni kwenye mabureau, ofisini kwa wakubwa. Atakayeileta mlangoni kwa Mama Félicité atamkuta Émilienne kizingitini.

Marehemu ameacha mama yake, Mama Félicité. Mjane wake, Zubeda. Watoto wake, Aline wa miaka sita na Jafari wa miaka mitatu. Mkwe wake, Mzee Useni. Na dada yake Émilienne. Ameacha familia tano za Swima, ambazo leo zimeacha misiba yao na kuja kwenye wetu. Poleni, jamani, na asanteni. Nyinyi mlikuwa na haki ya kutokuja.

Na ameacha mdogo wake, Fabien Asukulu. Fabien atabeba jeneza upande wa mbele, uso wazi, na yeye ndiye atakayetupa udongo wa kwanza. Familia inaomba mtu yeyote asimguse, na mtu yeyote asigeuze uso.

Norbert, pumzika. Jina lako ni safi.