Waya Aliyekaa Kushoto

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, ubavuni mwa kibanda cha Soli, mshona viatu, ambaye pia ndiye mpika kahawa wa kijiwe kizima. Kila mtu ana mahali pake. Kulia anakaa Kipaza, muuza spika, mtu asiyejua kunong'ona. Katikati ni Mita, fundi cherehani. Kushoto kwa Mita, miaka kumi na miwili sasa, anakaa Waya, fundi redio. Wiki sita zilizopita Mita aliangushwa na kiharusi akiwa kwenye mashine yake, akalazwa. Alasiri hii binti yake amemrudisha, amemkalisha palepale pake, akavuka barabara kwenda duka la dawa. Wiki zote hizo Waya hakukanyaga hospitali hata mara moja. Visingizio alikuwa navyo tele, lakini ukweli ni kwamba aliogopa tu, na sasa aibu ilikuwa inamla.

— Kipaza! Soli! Mita akaita. Mpo, ndugu zangu?

— Tupo, fundi. Kijiwe kilipooza bila wewe.

— Na Waya yuko wapi?

Waya alicheka kidogo. Bega lake lilikuwa linakaribia kugusana na la Mita.

— Niko hapa, bwana wee.

Mita akageuka upande wa pili, akamkazia macho Kipaza.

— Kipaza, siku hizi una sauti ya Waya.

— Mimi? Sijafungua mdomo!

— Mita, ni mimi. Hebu nigeukie.

— Si hiyo tena? Mita akamwambia Kipaza kwa furaha. Unamwigiza vizuri kweli.

Kipaza alianza kucheka, akaachia njiani. Soli akamimina kahawa, akaweka kikombe ubaoni, kati ya Mita na Waya. Kikakaa pale kinafuka moshi.

— Soli, mimi leo unaninyima?

— Nimekuwekea, fundi. Hicho hapo.

— Hapo wapi?

Waya akakichukua, akakisogeza polepole mbele ya kifua cha Mita hadi upande wa kulia. Mita akaruka kwa mshtuko.

— He! Hiki kimetokea wapi?

Akakipokea akanywa, macho yameelekea kulekule kulia, barabarani. Soli akawakonyeza wenzake, wakajikusanya nyuma ya kibanda.

— Amekununia, Waya. Hukwenda kumwona.

— Mtu anamnunia mtu, Soli. Kikombe cha kahawa kimemkosea nini?

— Basi ni macho.

— Macho gani, na yeye amemtambua Kipaza tangu ng'ambo ya barabara?

— Nisikilizeni mimi, alisema Kipaza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. Huyu wameturudishia nusu tu. Nusu nyingine bado iko kule wodini, imelala kitandani, inasubiri kuandikiwa ruhusa.

— We Kipaza, shindwa!

— Na hiyo nusu ndiyo iliyokuwa inamwona Waya.

— Mimi naona kinyume, Soli akasema huku akipangusa mikono yake yenye gundi. Mita ni mzima. Asiyekuwepo ni Waya.

— Acha utani wako.

— Sitanii. Jana ulilala salama? Una hakika uliamka? Zaidi yetu sisi wawili, nani amekusemesha leo?

Waya alitaka kumtukana, lakini akajikuta anatafuta jibu. Alifungua duka, akachomelea redio moja, hakuna mteja aliyeingia. Alipita sokoni, hakuna aliyemsalimu.

Ndipo binti wa Mita aliporudi na mfuko wa dawa, akawakuta kulekule nyuma.

— Shikamoo, baba mdogo.

— Marahaba, mwanangu! Waya akashusha pumzi. Kwani unaniona?

— Nisikuone una nini?

— Baba yako hanioni.

Binti akatazama chini.

— Msimfikirie vibaya. Macho yake mazima, masikio mazima. Daktari anasema kiharusi kimepiga sehemu moja ya ubongo, huku juu kwa nyuma, upande wa kulia. Hiyo ndiyo inayomwambia mtu kule kushoto kuna kitu, na kiungo hiki cha kushoto ni chako.

— Kwa hiyo kushoto anaona giza, Kipaza akasema.

— Hapana. Giza angelijua, angelalamika. Kwake kushoto hakupo kabisa, na hajui kwamba hakupo. Baba mdogo, kwa nini usikae huku kulia?

Hakuna kati yao aliyekuwa amelifikiria hilo. Waya akapita mbele ya benchi taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia, akiutazama uso wa rafiki yake. Hatua ya kwanza, uso mtupu. Ya pili, mtupu. Ya tatu, uso ukachanua wote.

— Waya! Umeibukia wapi?

Waya akakaa alipokuwa akikaa Kipaza.

— Mita, ndugu yangu, nisamehe. Kule hospitali mimi...

— Nikusamehe nini? Wengine walikuja wakaondoka. Wewe tu ndiye hukubanduka.

— Mimi?

— Nilikuwa nikizinduka, napapasa, naukuta mkono wako umelala ubavuni mwangu. Mzito, wa baridi. Sikukuona, lakini nikajua hakuna mwingine wa kunikalia hivyo. Nikawa naushika, hofu inaniisha. Bila wewe ningekata tamaa, nakwambia kweli.

Waya alimtazama binti, na binti akageuza uso.

— Mita, mimi sikuja.

— Usijifanye. Hata leo njiani mkono wako ulikuwa nami, na hata sasa upo.

Mita akapeleka mkono wake wa kulia taratibu ukavuka tumbo, akaushika wa kushoto uliolala juu ya paja lake, akaubana kwa upendo. Kisha akateremsha macho yake mapajani mwa Waya, huku kulia. Mikono yote miwili ya Waya ilikuwa pale, imeshikana. Mita aliutazama mmoja, akautazama wa pili. Tabasamu likamfifia kidogo kidogo.

— Waya, kama wewe uko huku, huyu niliyemshika ni nani?