Boaz Bogonko Amuaga Mzee Rabolo

Baada ya miaka ishirini na sita hewani, Bwana Boaz Bogonko anastaafu kutoka redio yetu ya Homa Bay Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025. Amechoka, na hafichi. Wasikilizaji wengi hawamjui kwa jina hilo. Wanamjua kama Mzee Rabolo, yule Mkisii muuza ndizi wa mchezo wetu wa kuigiza wa Jumamosi, anayeboronga Dholuo, lugha ya Wajaluo, hadi watu wanashika mbavu.

Ukweli ni kwamba Boaz ni mzaliwa wa Magunga, huku huku Ujaluoni. Wazazi wake, Waadventista, walihamia huko kutoka Kisii wakifanya kazi ya ushonaji, na Dholuo aliijua kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Alipewa nafasi ya Mzee Rabolo kwa sababu ya jina lake la Kikisii tu. Ilibidi apande hadi Kisii akae sokoni na shangazi yake Kemuma, ajifunze lafudhi ya kwao. Shangazi alicheka mpaka machozi yakamtoka, akasema mtoto wa ndugu yake anaongea Ekegusii, lugha ya kwao, kama Mjaluo. Basi huku Mkisii, kule Mjaluo. Alirudi na lafudhi, na mkungu wa ndizi juu yake.

Kazi aliifanya vizuri mno. Mzee Rabolo alituletea mashabiki kutoka Mbita hadi Rongo, na mialiko ya harusi isiyokwisha. Binti yake Linet aliitwa Nyar Rabolo, binti wa ndizi, mpaka akamaliza shule. Boaz mwenyewe alitaka kitu kimoja: kusoma matangazo ya vifo ya jioni, kwa sauti yake halisi. Kila meneja alimjibu kwamba watu watacheka katikati ya msiba.

Mwaka jana mama yake, Nyasuguta, alifariki. Boaz aliomba kulisoma tangazo hilo, na safari hii akakubaliwa. Alilisoma kwa Dholuo safi ya Magunga, polepole, bila kukosea. Simu zikaanza kuingia. Watu walikuwa wanacheka. Walidhani ni kichekesho kipya, wakamsifu Mzee Rabolo kwa kujua kuwaiga Wajaluo. Mwenzetu Onyango alilazimika kulirudia tangazo ndipo majirani wakaamini kuna matanga. Boaz alimzika mama yake, na Jumamosi iliyofuata akarudi studioni kuchekesha. Mimi ningeacha kazi. Jambo hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Juzi uongozi ulitaka kijana mmoja arithi sauti ya Mzee Rabolo. Boaz alikataa katakata. Akaomba atangaze kwamba Mzee Rabolo amefariki. Baadhi yetu tulinung'unika kuwa ni mkosi kutangaza kifo cha mtu ambaye hajafa, lakini kwa uchovu aliokuwa nao, nani angembishia? Jumatatu jioni aliketi kwenye maikrofoni akasoma, kwa sauti yake: Mzee Rabolo ametutoka, atazikwa nyumbani kwake Magunga, karibu na kaburi la mama yake.

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa Mbita alipiga simu akauliza mazishi ni siku gani.

Bwana Boaz, asante kwa yote, hata yale ambayo hatukustahili. Tunakuombea afya, usingizi na siku nyingi. Nenda nyumbani salama. Ni hapa Magunga tu, si mbali.

Priscilla Obare, chumba cha habari