Bishaw Alemneh, Aliyewaachia Nyuki Chakula cha Masika

Ndugu, majirani na wenzetu wa chama cha mazishi, asanteni kwa kulikanyaga tope hili. Marehemu Bishaw Alemneh alizaliwa tarehe 12 Mei 1948 kijijini Wumbri, karibu na Dangila, Gojjam, mtoto wa tatu wa Mzee Alemneh na Mama Banchi.

Alisomea Zaburi kanisani hadi mwaka 1961, baba yake alipofariki, akarudi nyumbani kuirithi mizinga minne.

Kazi hiyo aliifanya mwaka mzima. Kiangazi aliwawekea nyuki maji, na vijiti juu yake wasizame. Miguu ya vichanja vya mizinga aliizungushia majivu, sisimizi wasipande. Novemba alirina, lakini nusu ya masega hakuyagusa, maana masika yetu ni marefu na maua hayapo.

Mwaka 1970 alimwoa Tiruwerk Andarge, wakajaliwa watoto wanne. Binti mkubwa, Yirgedu, alipoposwa mwaka 1994, asali ya akiba ilikuwa imekwisha. Iliyobaki ni ile ya mizingani. Na harusi bila teji, mvinyo wetu wa asali, ni aibu. Mama Tiruwerk akamjia juu:

“Baba Yirgedu, wakwe tuwanyweshe pombe ya shayiri? Watatucheka mpaka kaburini!”

“Wacheke. Nyuki wakifa njaa, hao wachekaji watawafufua?”

Shayiri ikanywewa. Baba wa bwana harusi, Mzee Gashaw, akamtania mbele ya wageni: “Mkwe, binti umetupa bila kigugumizi, asali ndiyo imekuuma?”

“Binti anakwenda penye chakula, mkwe. Nyuki wangu wanakwenda penye njaa.”

Mvua ya mwaka ule haikujua kukoma. Mizinga ya wengi ilibaki mitupu, yake ilinguruma. Makundi yalipogawanyika, la kwanza alimpelekea Mzee Gashaw.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2017. Juni hii alishindwa kusimama, na nyuki walikuwa wanaingia kwenye njaa. Mama Tiruwerk, aliyekuwa hajaukaribia mzinga tangu ile harusi, alijifunika shuka akawapelekea unga wa shayiri ya kukaanga.

“Wamekuuma?” mumewe alimuuliza.

“Wameniuma. Wana adabu kama zako.”

Alicheka hadi akakohoa. Alifariki nyumbani tarehe 3 Agosti 2019, alfajiri.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, na mizinga kumi na tisa, yote hai. Mtuwie radhi kwa jeneza kuchelewa kutoka leo: mama alikuwa anawalisha nyuki.

Lala kwa utulivu, Baba Yirgedu.