Jina la Wadida Halikufika Madhabahuni

Nimesukumiwa mimi kazi hii, bibi wa miaka themanini na saba niliyesoma madarasa mawili, ilhali wajukuu wenye vyeti wamekaa hapo mbele wakitazama viatu vyao, basi nitasoma kama nilivyoandika, na asiyependa atoke nje, kanisa lina milango mitatu.

Marehemu Wadida Bishay, mke wa mwanangu Anis, alizaliwa tarehe 11 Februari 1962 katika kijiji hiki cha Nazlat Gayed, mkoani Minya, akiwa mtoto wa nne wa mzee Bishay, mkulima wa miwa, na mkewe Zahia. Alisoma shule ya kanisa kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, baba yake alipofariki akatolewa darasani kwenda kujifunza kushona, na tangu hapo hadi mwaka jana alishona sare za wanafunzi, mishono imara na maneno machache, jambo lililonifaa mimi mama mkwe wake kwa kuwa ulimi wangu unatosha nyumba nzima.

Alifunga ndoa na Anis tarehe 18 Oktoba 1981 katika kanisa hili, wakajaliwa watoto watatu, Wagdi aliyezaliwa mwaka 1983, ambaye amefika jana kutoka Kuwait, Bula wa mwaka 1985, na Marsa aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1998. Bula alifariki kwa homa tarehe 9 Machi 1988, hajafikisha miaka mitatu, na jina lake halikusomwa pamoja na wagonjwa Jumapili ile, kwa sababu kila mmoja wetu nyumbani alidhani mwenzake amelipeleka kwa kasisi.

Arobaini ya mtoto ilipokwisha, Wadida alichukua karatasi na kalamu akaanza kupita nyumba kwa nyumba kila Jumamosi alasiri, akiuliza mlangoni nani anaumwa, akiyaandika majina na kumpelekea kasisi wetu, Abuna Sarabamun, ayaweke madhabahuni, ayasome kwa sauti wakati wa ibada ya uvumba wa asubuhi, nasi sote tuyaombee. Alifanya hivyo miaka thelathini na sita, kwenye vumbi na kwenye baridi ya Januari, hata Mama Hasan, jirani yetu Mwislamu, alikuwa akimwita dirishani amtajie jina la mumewe. Wengine walipona, wengine tuliwazika, naye hakujisifia waliopona wala hakuwaambia wafiwa kwamba imani yao ilikuwa pungufu, upuuzi ambao nimewasikia wengine humu ndani wakiusema.

Alikuwa na sharti moja tu, kwamba mgonjwa hajiandiki mwenyewe wala haandikwi kwa siri na mtu wa nje, bali nyumba yake ndiyo inayomtoa, kama wale watu wanne walioshika mkeka wa yule aliyepooza wakamshusha darini mbele ya Bwana. Sharti hilo ndilo lililomfunga.

Ugonjwa wa ini ulimwanza Novemba 2023, kwa kuwashwa mwili na miguu kuvimba. Tarehe 14 Januari 2024 Marsa akachumbiwa na Maged, mwana wa Istir wa mtaa wa kisimani, watu wa heshima, nao huketi safu ya tatu kulia, hapo hapo walipo sasa. Kwaresima ilipoanza Wadida alimwambia mumewe mbele yangu, tukiwa tunachambua dengu, "Baba Wagdi, nipelekee jina langu kwa Abuna." Anis akamjibu, "Una wazimu? Istir asikie likisomwa? Ini ni ugonjwa wa ukoo, mama Wagdi, watamwacha binti yetu na dhahabu yao ya uchumba wataidai kesho yake." Wadida akasema, "Mimi nimebeba majina ya watu wote, langu linakuwa zito?" Anis akasema, "Subiri aolewe. Oktoba si mbali." Nami niliyekuwa na ulimi wa nyumba nzima niliendelea kuokota mawe kwenye dengu.

Kwa hiyo Abuna hakuletewa jina, taa ya tambi saba ya kuwapaka wagonjwa mafuta haikuwashwa kwetu, kwa kuwa kasisi akiingia mlangoni mtaa mzima unajua, na hospitali ya mjini hakupelekwa kwa kuwa shangazi yake Maged anafanya kazi pale mapokezi. Marsa, anayefundisha Minya mjini na kuja mara moja kwa mwezi, aliambiwa ni nyongo, na kwamba kanisani mama yake anaombewa kila wiki. Wadida hakumwumbua mumewe. Jumamosi ya mwisho aliyoweza kutembea, tarehe 17 Agosti, alipeleka majina kumi na manane, lake halimo, akarudi ameshika kuta.

Alipelekwa hospitali tarehe 2 Septemba akiwa hatambui watu, daktari akauliza tulikuwa wapi miezi kumi. Marsa alimpigia Abuna simu akimsihi asichoke kumwombea, Abuna akamwambia, "Binti yangu, jina la mama yako sijaletewa hata siku moja." Wadida alifariki Jumanne, tarehe 10 Septemba, saa nne asubuhi, na leo, mwaka mpya wa kanisa letu, tunamzika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, waliopewa siku nane kufanya kazi ya miezi kumi, tunamshukuru Abuna Sarabamun, majirani waliochota maji na kupika, Mama Hasan aliyemwosha miguu, na mafundi wenzake walioshona sanda.

Sasa la Anis, ambalo mmenong'ona tangu alfajiri, afadhali mlisikie kwangu. Leo asubuhi Marsa alivua pete na bangili za uchumba mbele ya jeneza akazifunga kwenye leso, akamwambia baba yake, "Ulivilinda vizuri, baba. Virudishe mwenyewe, kwa miguu, na sababu uiseme kwa mdomo wako." Anis akaenda, nami nikamfuata na fimbo yangu, maana sikumwamini. Mlangoni kwa Istir akasema yote. Istir akamjibu, "Baba Wagdi, macho yake tuliyaona manjano tangu Pasaka. Nani alikuwa kipofu? Tulikuwa tunasubiri mtutajie tumwombee, Maged alishanunua hata ubani. Harusi tungefanya kando ya kitanda chake." Anis akamwomba aje amsihi Marsa asivunje uchumba, Istir akasema, "Nimsihi aje kuishi karibu na nani, na wewe?" akaipokea leso.

Harusi ya tarehe 20 Oktoba haipo. Tukitoka makaburini Marsa atapanda gari la Minya na kaka yake, amesema hatarudi siku ya tatu wala ya arobaini, na jina la baba yake siku likihitajika kupelekwa kwa Abuna, atafutwe mtu mwingine wa kulibeba, na katika nyumba ile mtu mwingine aliyebaki ni mimi.

Wadida, mkamwana wangu, pumzika kwa amani uliyowaombea wengine.