Bi Gunhild Aliyengoja Mlango Ufungwe

Leo, tarehe 24 Mei, nimepewa nafasi katika jarida la wafanyakazi, nami nimeahidi kueleza yote, hata yanayotutia hofu nyumbani. Ijumaa hii Bi Gunhild Stålnacke anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika kituo cha roketi. Baba yangu, Heaika, anachunga kulungu wa theluji huko kaskazini, mahali roketi zinapoangukia, kwa hiyo familia yetu imeombwa kuandika neno.

Roketi hizo hupeleka vyombo vya vipimo kwenye hewa ya juu sana, ambako puto halifiki na setilaiti haiwezi kushuka. Vyombo hivyo hurudi kwa mwavuli wa kushukia. Chuma kilichovirusha hurudi bila mwavuli. Ndiyo maana kila kambi ya wachungaji ina handaki. Kabla ya kila roketi, Bi Gunhild aliziita kambi zote kwa redio, wala hakuwaambia wakubwa "tayari" mpaka asikie kila mlango wa chuma ukifungwa.

Mwaka juzi, majira ya kulungu kuzaa, roketi iliahirishwa tena na tena kwa sababu ya upepo. Tuliingia handakini, tukatoka, tukaingia. Mwishowe Baba akachoka, akabaki nje, redio yake mkononi, na jike aliyekuwa akizaa kwa shida. Ndani, Mama alinishika mkono mpaka ukafa ganzi. Redio ya handakini ilituletea kila neno lake na la Bi Gunhild.

"Nimeshaingia, Gunhild. Rusheni tu, mkalale."

"Na upepo huo unavuma handakini, Heaika?"

"Ni pumzi yangu. Nimezeeka."

"Umezeeka akili. Ingia, la sivyo harushi mtu kitu leo."

Baba hakuingia, na roketi haikurushwa. Wanasayansi walinuna, Bi Gunhild akaitwa ofisini kujieleza. Kesho yake iliruka, sote tukiwa ndani. Tulisikia kishindo, udongo ukatudondokea. Baba alipotoka alikuta chuma kimejichimbia hatua chache kutoka pale alipopiga magoti kando ya yule jike jana yake. Aliketi chini kando yake.

Bi Gunhild, asante. Baba amekuchongea kisu cha mpini wa pembe, atakuletea mwenyewe. Tunakuombea miaka mingi ya usingizi mtulivu.

Mheshimiwa Mkurugenzi, tumeambiwa kwamba kuanzia Jumatatu tutaitwa na sauti iliyorekodiwa. Sizipingi roketi, natumaini siku moja nitaipima hewa hiyo mimi mwenyewe. Lakini Baba bado mbishi, na majike bado wanazaa. Naomba unijibu kabla ya Jumatatu: sauti hiyo ikishamaliza kusema, nani atakuwa anatusikiliza?