Sauti Niliyoikimbiza

Mheshimiwa Mkurugenzi wa redio yetu, wakuu wa idara, ndugu wageni waalikwa, watangazaji mnaopenda kusikika na mafundi wenzangu msiopenda kuonekana, mke wangu na wanangu, na wewe dada yangu uliyekaa safu ya nyuma karibu na mlango: habari za mchana.

Nimepewa dakika kumi za kuwaaga. Kwa miaka thelathini na mitatu nimewakata watu maneno dakika zao zikiisha, kwa hiyo naomba leo asitokee wa kulipiza kisasi. Sifa mlizonimwagia nimezipokea zote, ila moja nairudisha. Mkurugenzi amesema fundi huyu hajawahi kukosea. Mheshimiwa, nimekosea, tena vibaya, na aliyeumia ni mtu mwingine.

Nani hapa haujui wimbo wa “Kiti cha Pili”? Wimbo wa mtu anayeandaa viti viwili mezani huku akijua atakula peke yake. Mnaujua kwa sauti ya binti yetu maarufu, aliyeurudia miaka sita iliyopita, taratibu, kwa sauti nzito iliyotulia, hata madereva wakaegesha magari pembeni wamalize kulia. Wachache mnakumbuka kwamba aliyeuimba kwanza ni huyu dada wa safu ya nyuma, na kwamba wake ulikwenda mbio, sauti nyembamba kama ya mtoto. Tulicheka. Tukambandika jina la Chiriku. Na binti alipourudia, watangazaji wetu, mmojawapo namwona anajificha nyuma ya maua, walizipiga nyimbo zote mbili mfululizo wakasema: ule ulikuwa mchezo, huu ndio wimbo.

Mimi ndiye niliyeurekodi ule wa kwanza. Wiki ulipoanza kupigwa, dada alinijia studio, akasimama mlangoni na mkoba kifuani, akaniambia, “Kaka, hii si sauti yangu.” Nikacheka. Mafundi wenzangu, jibu langu mnalijua, maana sote tunatembea nalo mfukoni. Nilimwambia, “Dada, kila mtu huikataa sauti yake akiisikia mara ya kwanza. Utazoea.” Hakuzoea. Aliniamini, akaacha kuimba, akarudi kwenye cherehani yake. Binti yake wa kumzaa ameniambia kwamba nyumbani kwao hata wimbo wa kubembelezea mtoto mama hakuwahi kuuimba.

Sasa sikilizeni. Mwezi uliopita nilikuwa nahamishia tepu za zamani kwenye kompyuta, nikaifikia ile yake. Kabla ya wimbo, kwenye kipande ambacho hatukuwahi kukirusha hewani, fundi hutaja jina la wimbo na mara ya ngapi unarekodiwa. Fundi huyo ni mimi. Nikasikia katoto kanasema, “Kiti cha Pili, mara ya tatu.” Nikaruka kitini: “Aka! Hii si sauti yangu!”

Jamani, maneno yake yaleyale, yametoka kinywani mwangu. Nikakumbuka kwamba siku ile mpira unaozungusha mashine ya kurekodia ulikuwa umelegea, ikawa inaivuta tepu polepole; kesho yake nikafunga mpira mpya, nikajisifu, wala sikurudi kukagua kazi ya jana. Tepu iliyorekodiwa kwa mwendo wa kobe, ikipigwa kwa mwendo wa kawaida, lazima ikimbie.

Nikapunguza mwendo kidogo kidogo mpaka sauti yangu ikawa yangu, kisha nikaacha wimbo uendelee. Ndugu zangu, kwa umri wangu huu sikuwahi kuvua miwani nikalia mbele ya mashine hadi siku ile. Ilikuwa sauti nzito, pana, isiyo na haraka na mtu! Nikaupiga wimbo wa binti sambamba na ule. Zilikwenda pamoja, neno kwa neno, pumzi kwa pumzi, hadi mwisho. Binti huyu hakuwa amezaliwa siku tunarekodi, na alichowahi kusikia ni kile kilichokosewa tu. Alijuaje? Nilimpigia simu kumuuliza, naye leo yupo hapa mbele, akanijibu, “Mjomba, kila nikimsikia yule mama nilimwonea huruma, kama mtu anayekimbizwa. Nikasema ngoja nimpumzishe.” Mimi fundi mwenye vyeti ukutani sikusikia, mtoto akasikia. Mpaka leo bado nashangaa.

Dada yangu, nisamehe. Sikuja kukuomba radhi faraghani kwa sababu tulikucheka hadharani. Najua ulimwambia binti yako kwamba utakuja kula na kuondoka, lakini kuusikia wimbo huo hutaki tena maishani mwako. Una haki. Tepu iko kwenye mashine hapa, na mwendo nimeurekebisha. Ukisema hapana, nitaitoa nikukabidhi, wala hapana mtu atakayekulaumu.

Anasimama. Mpisheni njia tafadhali, anakuja huku mbele. Dada, umesemaje? Amesema ataiwasha mwenyewe, mimi nisiguse kitu.

Mheshimiwa Mkurugenzi, ndugu wageni, nawashukuru kwa miaka yote, na asanteni kwa kunisikiliza. Kitufe ni hiki cha kijani, dada. Bonyeza.