Dirisha la Boksi la Neema

Bwana apewe sifa, wapendwa! Wengi mnanijua: mimi ndiye yule kijana anayeuliza maswali hadi mchungaji anatazama saa. Leo nimesimama kushukuru.

Ndugu zangu, Jumamosi huwa nafundisha hesabu kwenye ukumbi wetu hapa Mchafukoge, kwa watoto ambao kwao kujifunza ni kugumu. Mmoja ni Neema wa darasa la tano. Hesabu za kutoa tu zilimliza. Shuleni walimwita kilaza. Mama yake, mwenye duka la vitenge Kariakoo, alifunga na kuomba hadi akachoka.

"Mwalimu, nimepambana vya kutosha. Muhula ukiisha namtoa shule, aje dukani anikunjie vitenge," akaniambia.

Neema alisikia. Akalaza kichwa mezani.

Nilizidi kumweleza, haikusaidia. Nikaomba, tena kwa hasira: Bwana, kama unasikia, nionyeshe mtoto huyu anakwama wapi! Sikusikia sauti yoyote. Nilijikuta tu nimeacha kueleza, namuuliza, "Neema, ukifungua ukurasa huu unaona nini?"

"Zote zinaniita, ticha. Kama wamachinga wa Mtaa wa Kongo. Dada njoo! Dada njoo!"

"Sasa pale Kongo huwa unapitaje?"

Akanitazama kama vile kilaza ni mimi. "Si namtazama mama mgongoni? Wengine siwaangalii."

Haleluya! Nilichana boksi la viatu, nikakata dirisha la kuonyesha swali moja tu. Akaliweka juu ya ukurasa. Daftari tukaligeuza ubavu, mistari ikasimama, makumi na mamoja yakapata njia zake. Kila hatua akaitamka kwa sauti. Haikuwa rahisi, ndugu zangu. Kuna siku alilirusha boksi hadi mlangoni.

Jumamosi moja mama yake alikuja mapema. Neema hakumwona. "Mamoja hayatoshi, naazima kumi," alinong'ona, akisogeza boksi lake kutoka swali hadi swali. Mama akainama nyuma yake, akilifuata boksi kwa macho.

"Ukurasa mzima umefanya peke yako?"

"Mzima, mama."

Mama akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Vitenge nitakunja mwenyewe," akasema. "Wewe soma."

Wapendwa, Neema bado anakwenda polepole, na mimi bado nina maswali mengi kwa Mungu. Lakini lile moja alilijibu, siwezi kunyamaza! Kama unaye mtoto uliyekata tamaa naye, mlete Jumamosi. Mtumaini Bwana, na mtoto wako pia mtumaini.